Kengele ya Mfukoni

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, kaka zetu mliotutangulia, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioketi huko nyuma mkisikilizia harufu ya pilau:

Napenda kuishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama katika bwalo hili, ambamo zamani sikuruhusiwa kusema neno lolote wakati wa chakula.

Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumzie maendeleo ya sayansi katika maisha ya mfanyakazi. Mada hiyo ni pana mno, nami nimekata kipande kimoja tu. Nitasema juu ya watu wazima wenye tatizo la umakini ambalo waganga wa leo wanaliita ADHD, na juu ya programu za simu zinazotengenezwa ili kuwaelimisha na kuwasaidia watu hao. Najua baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya watoto watukutu wa Ulaya. Nawaombeni subira.

Tatizo lenyewe

Ndugu zangu, habari hii si ya jana. Mwaka 1902 daktari mmoja wa watoto huko Uingereza, George Still, alitoa mihadhara mjini London juu ya watoto ambao akili yao haikuwa na kasoro, lakini hawakuweza kujizuia wala kukaa na jambo moja mpaka likaisha. Kwa miaka mingi baada ya hapo waganga waliamini kwamba tatizo hili huondoka lenyewe mtoto akishakua. Leo inajulikana kwamba kwa wengi haliondoki, bali hubadili sura. Yule mtoto aliyekuwa akiruka juu ya madawati huwa mtu mzima anayeketi kimya kwenye kiti chake cha ofisi, lakini ndani ya kichwa chake mna soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilitoa toleo la tano la mwongozo wake, na humo vipimo vya watu wazima vimeelezwa waziwazi. Mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kufanya mambo bila kufikiri. Dalili ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12. Tena zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani si ofisini tu na si nyumbani tu. Kwa hiyo mtu aliyechoka mwezi huu kwa sababu ya kazi nyingi hana ADHD, na mtu asiyempenda bosi wake pia hana.

Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba watu wazima kati ya 2 na 3 katika kila 100 wanaishi na tatizo hili tangu utotoni. Humu bwaloni leo tumo kama 300. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Si upumbavu, wala si uvivu, wala si laana. Mara nyingi hurithiwa, kama vile kimo kinavyorithiwa. Mtu huyu anajua vizuri kabisa linalotakiwa kufanywa. Kinachomshinda ni kulianza kwa wakati wake na kulishika mpaka mwisho. Kwake wakati una vyumba viwili tu: sasa hivi, na siku nyingine. Ripoti inayotakiwa Ijumaa iko katika chumba cha siku nyingine mpaka Alhamisi usiku, ndipo inapovunja mlango na kuingia na moto wake.

Kwa nini hakuanguka akiwa shuleni

Hapa mtaniuliza swali la haki. Kama mtu amezaliwa nalo, mbona alifaulu kidato cha nne, akafaulu cha sita, akaenda Chuo Kikuu, halafu akaja kuanguka ana miaka 35 na cheo chake?

Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya jibu iko pale nje, imening'inia kwenye mwembe. Ni ile rimu ya lori tunayoiita kengele. Ililia alfajiri, tukaamka. Ililia, tukashika mafagio. Ililia, tukaenda mstarini, darasani, bwaloni, shambani, na jioni prepo. Usiku ililia mara ya mwisho na taa zikazimwa. Wakati wa prepo uliketi katikati ya vijana arobaini walioinamia vitabu, na kiranja akitembea nyuma yako. Katika maisha hayo hakuna aliyelazimika kukumbuka sana, kwa maana shule ilikumbuka kwa niaba yake. Mwenye tatizo la umakini alipigwa viboko vyake vya kusahau daftari na kuchelewa, hilo ni kweli, lakini alivuka.

Halafu siku moja akapewa cheti na nauli, na kengele ikabaki hapa mwembeni. Huko mbele akakuta maisha ambayo kila mtu anajipigia kengele yake mwenyewe: kodi ya nyumba, ada za watoto, mikopo, majalada thelathini mezani. Huko ndiko wengi wanakoanguka, na wanapoanguka husema neno moja, nao wenzao hulisema pia: mimi ni mzembe.

Neno hilo ndilo linalonifanya nisimame hapa leo. Mtu akiishi miaka ishirini akijiita mzembe, hafiki kwa daktari. Anafika kwenye chupa, au kwenye madeni, au kwenye barua ya kuachishwa kazi.

Simu inaweza kufanya nini

Sasa nije kwenye simu. Programu hizi ni nyingi, nami nimezigawa katika mafungu manne ili tuelewane.

Fungu la kwanza ni programu za kuelimisha. Hizi humfundisha mtu tatizo lake kwa masomo mafupi ya dakika chache kila siku: kwa nini anaahirisha, kwa nini hasira yake huwaka upesi, usingizi unahusika vipi, na mazoezi gani ayafanye. Kuna ushahidi kwamba elimu hii ina faida. Mwaka 2022 watafiti wa Bonn, Ujerumani, walitangaza matokeo ya utafiti wao kwa watu wazima 60 wenye ADHD. Wote walihudhuria mafunzo ya vikundi yaliyoongozwa na wataalamu. Tofauti ni kwamba kundi moja lilikwenda nyumbani na vijitabu, na kundi jingine lilikwenda na masomo yale yale ndani ya programu ya simu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini wale wa simu walipata nafuu kubwa zaidi. Naomba mkumbuke sehemu moja ya habari hii, kwa maana nitairudia: wote walikuwa na kikundi na mwalimu.

Fungu la pili ni programu za kukumbusha na kupanga. Humo mna kalenda, saa za kuamsha, orodha za kazi, na ratiba zinazoonyesha siku nzima kwa rangi na picha, kama ile iitwayo Tiimo iliyotengenezwa Denmark. Mna pia zinazopasua kazi kubwa kuwa vipande vidogo, kama Goblin Tools: unaandika "kusafisha stoo", nayo inakurudishia hatua za kufuata moja baada ya nyingine. Kwa mtu ambaye kazi kubwa humsimamia mbele kama ukuta, hatua ya kwanza iliyoandikwa ni nusu ya safari.

Fungu la tatu ni programu za kumpatia mtu mwenzi wa kazi. Iko moja iitwayo Focusmate. Watu wawili wasiojuana, pengine mmoja yuko Nairobi na mwingine Toronto, huonana kwa picha, kila mmoja husema anachotaka kufanya, kisha hufanya kazi kimya kwa dakika 25, 50 au 75. Wadogo zangu, hiyo ni prepo! Watu wazima wenye digrii zao wameirudia prepo kwa hiari, kwa sababu waligundua kwamba mbele ya macho ya mwenzio kazi huenda.

Fungu la nne ni michezo iliyotengenezwa kama tiba. Juni 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mchezo wa simu uitwao EndeavorOTC utolewe kwa watu wazima wenye ADHD bila cheti cha daktari. Ni habari kubwa, lakini tuisome yote. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo, na mchezo wenyewe haukukusudiwa kuchukua nafasi ya dawa wala ya daktari. Anayeuza dawa ya kuponya kila kitu sokoni tunamjua. Tusimwamini zaidi kwa kuwa amehamia kwenye simu.

Hatari zake

Ndugu Mwenyekiti, mtumishi wa serikali huzoea kusoma upande wa pili wa karatasi kabla ya kutia sahihi. Nina mambo manne ya upande huo.

Kwanza, simu inayokumbusha ndiyo simu inayosahaulisha. Mtu anaichukua ili atazame ratiba, anakutana na ujumbe wa kikundi cha harusi, halafu mpira, halafu kichekesho, na saa nzima imekwenda. Kumpa mtu mwenye ADHD simu bila kuzima makelele yake ni kumpa mlevi ufunguo wa stoo ya pombe ukimwomba akahesabu chupa.

Pili, si kila anayefundisha anajua. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walichunguza video 100 zilizotazamwa sana katika TikTok kuhusu ADHD, wakakuta 52 zinapotosha. Vijana, mnaposikia kwamba kupoteza ufunguo ni dalili ya ugonjwa, kumbukeni idadi hiyo. Na msidanganywe kamwe kununua vidonge mitaani. Dawa zipo na zinawafaa wengi, lakini hutolewa na daktari baada ya kupima.

Tatu, kuna suala la siri. Mtu anapoiambia programu kwamba hana usingizi, ana madeni, na ameanza kunywa, maneno hayo yanakwenda mahali. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya ushauri wa nafsi ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 baada ya kuituhumu kwamba ilizipa kampuni za matangazo habari za wateja wake. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwa sheria hiyo habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini sheria haimsaidii sana anayebonyeza "nakubali" bila kusoma. Na kwa watumishi wenzangu: orodha yako ya kazi isiwe na siri za ofisi. Andika "jalada la pili, kabla ya saa sita", usiandike yaliyomo.

Nne, programu nyingi ni za Kiingereza, na nyingi hulipiwa kila mwezi kwa fedha za kigeni. Hata hivyo, asiye na uwezo huo asikate tamaa. Saa ya kuamsha imo hata katika simu ya kitochi, na haihitaji bando. Nami naamini kwamba saa tatu za kuamsha zilizopangwa vizuri zinashinda programu ya gharama ambayo mtu ameacha kuifungua.

Habari ya ndugu mmoja

Ninaye ndugu, naye ni mtoto wa shule hii, aliyekuwa madarasa mawili nyuma yangu. Ameniruhusu niseme habari zake bila kutaja jina lake wala ofisi yake.

Ndugu huyu ni mwandishi wa madokezo hodari kuliko wengi niliopata kuwaona. Lakini majalada yalikuwa yakiingia chumbani kwake na hayatoki. Masijala walimtafuta mpaka wakachoka. Jalada moja lilipatikana chini ya zulia la gari lake, na ndani yake dokezo lilikuwa limeandikwa lote, zuri, limebaki kutiwa sahihi tu. Alipata barua ya kujieleza, akapata ya pili. Mkewe aliacha kumtuma kitu chochote. Alipokuwa akingojea ya tatu alianza kusema maneno ya mtu ambaye haoni kesho, na hapo ndipo tulipomshika mkono tukampeleka hospitali ya rufaa.

Daktari hakumpima kwa dakika tano. Alimjazisha karatasi ya maswali iliyotengenezwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, ambayo huanza na maswali 6: je, hushindwa kumalizia kazi sehemu ngumu ikishapita, husahau miadi, huahirisha kazi inayotaka kufikiri, na mengine ya namna hiyo. Karatasi hiyo siku hizi imo hata kwenye simu, ila yenyewe huonyesha tu kama inafaa kwenda kupimwa, haikati hukumu. Kisha daktari akamwita dada yake mkubwa aeleze utoto wake ulikuwaje. Dada yule alieleza kwa saa nzima.

Alipewa dawa, akashauriwa atumie simu. Mwezi wa kwanza alifurahi kama mtoto aliyepata baiskeli, akaweka programu sita. Mwezi wa pili zilibaki mbili. Mwezi wa tatu saa ikilia aliizima bila hata kuitazama. Ndivyo ilivyo kwa watu hawa: kitu kipya huwaamsha, na kikizoeleka hunyamaza masikioni mwao.

Kilichomwokoa ni mpango mdogo uliofanywa na katibu muhtasi wa ofisi yake, mama mmoja asiyejua ADHD ni nini. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi simu ya ndugu yetu inalia, naye anakwenda na orodha yake mpaka mezani kwa mama huyo na kumsomea kazi tatu za siku. Saa tisa alasiri inalia tena, anarudi kusema zipi zimetoka. Basi. Ni dakika nne kwa siku. Saa akiizima, yule mama anagonga mlango. Hajapona, na kusema kweli mwezi uliopita alipoteza miwani mara mbili, lakini majalada yanatoka, na barua ya tatu haikuandikwa.

Sasa nairudia ile habari ya Bonn kama nilivyoahidi. Simu ilifanya vizuri pale ilipokuwa na watu nyuma yake. Hata ile Focusmate, bidhaa yake hasa ni mtu mwingine. Kengele yetu ya mwembeni haikuwa na nguvu kwa sababu ya chuma chake. Ilikuwa na nguvu kwa sababu tulijua kiranja yuko njiani.

Mapendekezo

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Ukijiona katika niliyoyasema, nenda kwa mwalimu wa ushauri, usijitibu. Na wakati huu ungali na kengele, anza kujifunza kujipigia ya kwako: andika kazi kabla ya kulala, anza na iliyo ngumu, keti na mwenzako anayesoma kweli.

La pili ni kwenu walimu. Mtoto mwenye akili anayesahau daftari kila siku, na viboko havijambadilisha kwa miaka miwili, basi viboko si dawa yake. Mwiteni mzazi, ulizeni, mpelekeni hospitali.

La tatu ni kwetu wanafunzi wa zamani, ambao wengi sasa ndio tunaoandika zile barua za kujieleza. Sisemi tuache kuziandika; kazi ni kazi. Nasema kabla ya ya pili, mwite mtu huyo, funga mlango, umuulize kama ilikuwa hivi tangu utotoni. Na Umoja wetu, ambao tayari una orodha ya simu za wanachama karibu wote, uanzishe mpango wa wenzi: kila mwanachama anayehitaji apewe mwenzake mmoja wa kumpigia simu asubuhi kwa dakika mbili, bila kuulizana sababu. Hauhitaji mfadhili wala kujenga ofisi. Mimi nimekwisha andika jina langu kwa Katibu, pale mlangoni. Daftari liko wazi mpaka saa kumi.

Mungu aibariki shule yetu.